Kempa ya mamilioni huku Nakuru na Kisumu: utalala ndani usiku ngapi kwa mwaka?

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio tusizungushane. Kwa familia nyingi za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Western yote, kununua kempa kamili, ile gari yenye kitanda, jiko, friji na choo ndani, ni kufungia pesa mahali haitoki. Na nasema hivi nikiwa mtu anazipenda hizi gari sana, nimelala kwa za marafiki, nimeshinda gereji nikiangalia fundi akipima plaiwudi, nikiona HiAce imetengenezwa poa huwa nasimama kuiangalia. Shida yangu ni vile watu wanaingia kwa hii kitu na hesabu ya bei ya kununua peke yake, halafu kila kitu kingine kinawapata njiani.

Swali la kwanza ni hili: kwa mwaka mzima utalala ndani usiku ngapi? Usiniambie ungependa kulala ngapi, niambie utalala ngapi ukishatoa siku za kazi, ukatoa shule ya watoto, Jumamosi za chama na Jumapili za kanisa, na zile wikendi umechoka tu unataka kukaa nyumbani.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme umenunua van ukaitengeneza mpaka ikafika milioni 2.5. Tuseme inashuka bei asilimia 10 kwa mwaka, hiyo ni 250,000. Bima kubwa tuseme asilimia 4, hiyo ni 100,000. Hujaweka mafuta, hujafanya servisi, hujanunua hata tairi moja, na mwaka ushakula 350,000. Mtu wa kazi ya ofisi akilala ndani usiku 20 kwa mwaka amejikaza kweli, na kwake kila usiku umegharimu 17,500. Kwa hiyo pesa mnalala hoteli nzuri Naivasha na asubuhi mnapikiwa chai na mayai. Ukifikisha usiku 100 inashuka hadi 3,500, na hapo sasa ndio unaanza kukaribiana na bei ya gesti safi ya Kisumu. Badilisha namba vile unataka, weka gari ya milioni moja na nusu ama ya milioni nne, bado utaona idadi ya usiku ndio inaamua kila kitu.

Sasa nani analala usiku 100? Kuna watu kama hao, tena wengi kuliko tunavyofikiria. Mtu wa kupiga picha za ndege anayezunguka Baringo, Kakamega na Saiwa. Mtu wa utafiti wa kilimo. Fundi wa sola anayefunga mitambo vijijini kutoka Siaya hadi Bungoma na kila wiki analipa lodging. Mfanyabiashara wa soko hadi soko. Mwalimu amestaafu, watoto wameshaondoka nyumbani, na yeye na mzee wake wanataka kuiona nchi polepole. Hao wakiniuliza nitawaambia nunueni, na nitawasindikiza kwa fundi. Lakini ukiwa na kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa na likizo ya wiki tatu, hiyo hesabu inakukataa.

Wamarekani wametangulia kwa hii njia na inafaa tuangalie ilivyowaendea. Wao wana kampuni kama Airstream iliyoanza miaka ya 1930 na Winnebago ya kule Iowa, na tangu 1962 wana mtandao wa kambi unaitwa KOA, ambapo unafika, unachomeka stima, unaunganisha bomba la maji na la maji taka, unalala. Wakati wa korona, watu hawataki hoteli wala ndege, soko likalipuka: mwaka 2021 viwanda vyao vilipeleka kwa madila zaidi ya magari na trela 600,000 za kulala, rekodi yao. Halafu riba ikapanda, mafuta yakapanda, hoteli zikajaa tena, na kufika 2023 hiyo namba ilikuwa imeanguka hadi kama 313,000. Hiyo ni nchi iko na kila kitu cha kusaidia mwenye kempa, na bado hamu ilipoisha soko likakatika karibu nusu. Zile kubwa zao za saizi ya basi zinakula lita moja kwa kilomita tatu ama nne. Jaribu kufikiria hiyo ikipanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit na wewe unangoja EPRA watangaze bei ya mafuta tarehe 14.

Hata hivyo hizo za Amerika hazituhusu sana, juu usukani wao uko kushoto na sisi hapa usukani wa kushoto hausajiliwi kwa gari ya kawaida ya mtu binafsi. Hizo unaona Naivasha zikiwa na namba za Ujerumani ama Uholanzi ni za wasafiri wamepita tu na makaratasi ya muda. Soko letu ni Japani. Na Japani wana kempa nzuri sana, wanatumia HiAce na wanatumia hata vigari vidogo vya injini ya 660cc, lakini KEBS, wale wa viwango, wanataka gari isiwe imezidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ile Mazda Bongo Friendee ambayo paa lake linainuka lenyewe na watu wawili wanalala juu, ambayo kila mtu huniuliza, ilishaacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000 na huwezi kuileta tena, tafuta kama kuna mtu anauza ya hapa. Kempa ya Japani isiyozidi miaka 8 huko kwenyewe bado ni ghali kwa sababu Wajapani wanazipenda, na ukifikisha Mombasa kuna ushuru wa forodha, kuna ushuru wa bidhaa, kuna VAT ya asilimia 16 inayopigwa juu ya hizo zingine, kuna ada za kuingiza mzigo na reli. KRA, wale wa ushuru, hawaangalii ulilipa ngapi, wana hesabu yao ya thamani ya gari. Watu wengi ndoto yao inaishia kwa hicho kikaratasi cha ushuru.

Ndio maana huku watu wananunua HiAce ya kawaida, ama Nissan iliyotoka kwa kazi ya matatu, wanapeleka kwa fundi. Na hapa nataka nikae kidogo, juu hapa ndio nimeona pesa nyingi za watu zikiharibika.

Mafundi wetu wa jua kali ni wazuri. Nakuru, Kisumu, Eldoret, utapata mtu akikuchomelea fremu ya kitanda asubuhi na jioni unaondoka. Shida ni kwamba amezoea kutengeneza milango ya plot, mageti na makabati ya jikoni, vitu vinavyokaa mahali pamoja, kwa hivyo anatumia chuma nene na mbao nzito, na anafanya hivyo kwa roho safi kwa sababu kwake uzito ni uimara. Gari haitaki hivyo. Maji ya lita 60 peke yake ni kilo 60. Ongeza betri, mtungi wa gesi, friji, makabati ya mahogani, godoro, vyombo, watu wanne na mizigo yao, na hiyo gari sasa inatembea kila siku kama imejaza abiria na hakuna siku inashusha. Springi zinalala. Tairi zinaisha haraka. Na jambo ninaloliogopa kuliko yote ni breki. Ile barabara ukitoka Mau Summit kurudi Nakuru inashuka Sachangwan hadi Salgaa, na sote tunajua vile watu wamekufa pale miaka na miaka. Gari nzito iliyoshikwa na breki mfululizo kwa mteremko inafika mahali breki zimechemka hazishiki tena. Ukijenga kempa, ipeleke kwa mizani kabla na baada, uone umeongeza kilo ngapi, na ujifunze kushuka na gia. Leseni ya kawaida ya gari ndogo nayo ina mwisho wa tani 3.5, hilo pia usisahau.

Halafu kuna makaratasi. Ukitoa viti vya abiria ukaweka kitanda umebadilisha gari, na NTSA, wale wa usalama barabarani, wanataka ikaguliwe na logbuku ibadilishwe. Wengi hawafanyi. Sasa siku ya ajali kampuni ya bima inakuuliza mbona walikatia bima gari ya viti 14 na hii hapa ina jiko la gesi. Fanya hiyo kazi mapema, tena ina faida yake: KWS, wale wa wanyamapori, hutoza gari kuingia mbugani kwa kuangalia idadi ya viti, kwa hivyo HiAce yenye karatasi bado zinasema viti 14 unailipia zaidi bure.

Ndani ya gari kuna vitu vinne: hewa, stima, maji na choo. Hewa kwanza, juu ndio inaua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, kwa hivyo lazima sakafu iwe na tundu la kuitoa nje, na mtungi ukae kwa kabati lake lililofungwa upande wa ndani. Na tafadhali, jiko la makaa lisiingie ndani ya gari hata kama uko Timboroa na baridi inakukata. Ule moshi wa makaa usioonekana hauna harufu, unalala na hauamki. Najua tunasoma habari za familia zimepotea hivyo ndani ya nyumba zenye chumba kimoja, na gari ni ndogo kuliko hicho chumba.

Stima inawezekana sana huku kwetu, jua tuko nalo. Friji ndogo ya volti 12 kwa joto la Kisumu inaweza kula amp-saa (Ah) 40 kwa siku. Betri ya kawaida ya asidi ya amp-saa 100 usiivushe nusu, kwa hivyo una 50 za kutumia, yaani friji na taa na simu na umeisha, na kesho Kakamega kunanyesha kutwa. Ukitaka amani nunua lithiamu, ni ghali lakini inakubali kutumika karibu yote na ni nyepesi. Joto lenyewe ni hadithi nyingine. Nakuru usiku kuna baridi nzuri ya kulala. Kisumu iko chini, karibu mita 1,130 tu kutoka usawa wa bahari, na bodi ya chuma iliyopigwa na jua mchana kutwa inakutoa jasho hadi saa sita usiku. Unataka kufungua dirisha, na ukilifungua bila wavu mbu wa ziwa wanaingia, na malaria ya huku si ya kuchezea. Wavu wa kila dirisha na wa mlango uweke kabla hujafikiria taa za rangi.

Choo sasa. Kaseti za choo za kempa zinabeba kama lita 20, watu wanne hiyo ni siku mbili. Ikijaa unaimwaga wapi? Kule kwao kuna vituo vya hiyo kazi. Hapa utabisha mahali uombe choo cha shimo, na kama umetumia zile dawa kali, ukimwaga kwa septiki ya mtu unaua bakteria wanaofanya kazi ndani, umemharibia mwenyeji. Kuna watu wanamwaga kwa mtaro, ama karibu na mto. Hao watafanya wanakijiji wafunge njia kwa kila mtu mwenye gari ya kulala, na watakuwa na haki.

Lakini bado nasema choo ndio faida kubwa kuliko zote. Ukisafiri na mama wa miaka 75 mwenye sukari kutoka Busia kuja kliniki Eldoret ama Nakuru, ama na mjamzito, ama na mtoto mdogo, unajua vile mtu hunyamaza na maumivu kwa sababu anaona aibu kusema simamisha gari. Wazee wengi wa kwetu huacha kunywa maji siku ya safari. Gari yenye choo na kitanda inamrudishia huyo mama heshima yake, na kama familia yako iko na mgonjwa wa kwenda hospitali kila mwezi, basi hesabu yangu ya mwanzo isikuzuie, kuna vitu havihesabiwi kwa usiku.

Twende kwa pa kulala, na hapa ndio naona tumeachwa peke yetu. Mahali pazuri pako. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru kuna kambi ya Makalia karibu na maporomoko, unaamka nyati wako pale. Naivasha kando ya ziwa kuna kambi nyingi, ingawa haya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana miaka ya karibuni na sehemu tulizokuwa tunajua sasa ziko chini ya maji, hata geti kuu la zamani la Ziwa Nakuru lilimezwa. Kakamega upande wa Buyangu unalala na kelele za nyani na ndege. Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote nchini, karibu na Kitale, unaenda kwa miguu asubuhi kumtafuta sitatunga, yule swala wa majini. Mlima Elgon una mapango ambayo ndovu huingia usiku kulamba chumvi. Na ukitaka safari moja ya gari ambayo watoto hawatasahau, panda feri na gari yako Luanda Kotieno uvuke hadi Mbita, halafu uingie Rusinga.

Kati ya hizo sehemu sasa. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180, njiani giza limeingia, mvua ya Kericho imekushika, unalala wapi? Petroli steshen. Uliza madereva wa malori, hao ndio maprofesa wa kulala barabarani, wamefanya hivyo kabla sisi hatujajua kempa ni nini. Hawaangalii mandhari. Wanaangalia taa, soldier, na wenzao wamepaki. Wanapaki tangi la mafuta likiangalia mahali kuna watu. Ukifika mapema, unaongea na meneja, unaweka mafuta kidogo, unanunua chakula hapo, unaomba ulale. Mahali pengine pazuri ni kiwanja cha kanisa ama shule wakati wa likizo, lakini unaenda kwa padri ama mwalimu mkuu kwanza, na kijijini unaenda kwa chifu ama mzee wa mtaa. Usipaki tu kando ya njia ati umeona mahali patulivu. Mahali patulivu usiku ni mahali hakuna mtu wa kukusikia.

Sasa, kuna matumizi ya hii gari ambayo naona ndio ya kwetu hasa, na wanaouza kempa hawayataji kabisa kwa sababu wamenakili matangazo ya nje yenye milima na kahawa. Huku kwetu watu hawasafiri sana kwenda kutalii. Watu wanasafiri kwenda nyumbani. Tunaenda ushago Desemba, na harusi, na zaidi ya yote matanga.

Wewe unajua vile inakuwa. Mwili unafika Ijumaa jioni, kuna kesha, mazishi ni Jumamosi. Unatoka Nakuru kazini Ijumaa saa kumi na moja, unaendesha usiku hadi Siaya ama Vihiga, unafika boma limejaa, vitanda vimepewa wazee, vijana wako kwa viti vya plastiki na moto. Hulali. Jumamosi unazika, unahudumia watu, jioni unageuza gari kurudi kwa sababu hakuna pa kulala na Jumapili una mambo. Huyo mtu amekosa usingizi siku mbili na anaendesha usiku kwenye barabara ya Mau Summit pamoja na malori. Tumezika watu waliotoka kuzika. Kitanda kwa gari pale bomani, mtu alale masaa sita na aondoke Jumapili asubuhi akiwa na macho, hiyo ni faida naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Na bado haiji bila maneno. Shangazi atakuja kugonga mlango wa gari, "sasa unalala nje kama mgeni na sisi tuko?" Kwake kukataa godoro la sebuleni ni kumkataa yeye. Inabidi ule kwake, ukae kwake hadi usiku sana, halafu umwambie watoto wako wamezoea gari, ama bora zaidi umpe yule nyanya amekosa nafasi kitanda cha gari na wewe ulale kwa hilo godoro. Kwa wakwe nako kuna mambo yake. Familia nyingi za Waluhya na Waluo bado zinashikilia kwamba mkwe halali kwa nyumba ya wazazi wa mke, na wanaume wengi hufika, wakala, wakaondoka jioni hiyo hiyo wakiendesha wamechoka. Gari imepakiwa kando ya geti inaweza kuwa suluhisho. Kuna wazee wanasema gari si nyumba kwa hivyo haina neno, na kuna wazee wanasema kitanda ni kitanda na boma ni boma. Usijiamulie. Mke wako amuulize baba yake kabla hamjatoka, na akisema hapana, pakini sentani kwa petroli steshen na heshima imebaki.

Ukiangalia haya matumizi yote, Desemba, matanga, harusi, kliniki, mbuga mara mbili tatu kwa mwaka, utaona hayahitaji kempa kamili. Yanahitaji gari ya kawaida inayofanya kazi kila siku na inaweza kugeuka kitanda kwa nusu saa. Hapa ndio ushauri wangu ulipo. Noah ama Voxy, viti vinalazwa vinakuwa sakafu moja, unaongeza godoro la kukunja la vipande vitatu umelikatisha kwa saizi yako, pazia za dirisha, wavu. HiAce ya biashara, tengeneza boksi mbili tatu za plaiwudi nyepesi zinazofungwa kwa boliti, juu kitanda, ndani vyombo, na Jumatatu unazitoa gari inarudi kubeba mzigo. Jiko la mtungi wa kilo 6 unapikia nje, chini ya turubai, ambayo ni raha zaidi na salama zaidi. Maji kwa mitungi ya lita 20 unayoweza kubeba na mkono, badala ya tangi lililochomelewa chini ambalo likitoboka lazima utafute fundi. Choo cha ndoo yenye kifuniko na mfuko, na hema dogo la faragha. Kwa sababu hujabadilisha gari, karatasi zinabaki zilivyo, bei ya kuuza inabaki ya soko la kawaida, na gari inajilipa katikati ya wiki. Hiyo ya kuuza ni kubwa, juu ukijenga kempa kamili Nakuru na siku moja uhitaji pesa ya haraka, wanunuzi wa kitu kama hicho mji mzima ni wachache, na watakungoja ushuke bei.

Kukodi nako kupo. Kuna kampuni Nairobi zinakodisha Land Cruiser zenye hema juu ya paa, bei ya siku inauma, lakini ukiwa na safari moja kubwa kwa mwaka ya Elgon ama Turkana, lipa hiyo na urudishe gari ya mtu. Ama mjiunge marafiki watatu wanne mnunue moja pamoja, na mwandikiane kabla nani anaichukua Desemba, maanake hapo ndio urafiki huvunjika, kila mtu anaihitaji wiki moja.

Na kuna jambo nataka kaunti zisikie. Tumepewa viwanja vya maonyesho ya kilimo vya ASK, Nakuru kuna kimoja, Kakamega kuna, Kitale kuna, Eldoret kuna. Vina ua, vina geti, vina barabara za ndani, vyoo, bomba la maji, na nafasi ya kupaki mamia ya magari. Vinajaa wiki ya shoo na siku chache za mikutano, zingine zote ni nyasi. Tenga kona moja, weka taa za sola, mlinzi, bomba nne, vyoo safi, bafu, na shimo moja la kumwagia choo lililounganishwa na septiki yake, toza gari shilingi 500 kwa usiku. Wenye kempa ni wachache, hao hawatakijaza. Watakaojaza ni dereva wa lori aliyechoka, mfanyabiashara wa nguo anayengoja soko la kesho, basi la kwaya limekwama, familia imetoka matanga Butere na dereva wao anasinzia. Nakuru ingeanza hata mwaka huu, kiwanja chao kiko pale pale kando ya barabara kuu, na kazi ya kwanza ni kuchimba hilo shimo na kufunga taa.